Nyumba Kongwe Katikati ya Jiji: Kiwanja, Kuta na Watu

Koo nyingi za Kizaramo za Kisarawe, kuanzia Chole Samvula hadi Maneromango, zina mguu mmoja mjini. Babu au bibi alihamia Dar es Salaam enzi za ukoloni, akapata kiwanja Kariakoo, Gerezani au Ilala, akajenga nyumba ya vyumba sita na kuzeekea humo. Wajukuu wakatawanyika: mmoja Kibaha, mwingine Mbagala, mwingine akarudi shamba. Nyumba ikabaki, na mabati yake yenye kutu yakazungukwa na maghorofa. Siku mwenye nyumba anapofariki, dalali hufika na bei kabla matanga hayajaanuliwa. Bei hiyo ni ya kiwanja. Nyumba, kwa hesabu yake, ni gharama ya kubomoa.

Hesabu ya dalali inaweza kuwa sahihi. Inaweza pia kuwapunja warithi, au kumtia mnunuzi katika kesi ya miaka kumi, kwa sababu inafunga katika tarakimu moja mambo matatu yenye vipimo tofauti: ardhi, jengo, na haki za watu. Anayetaka kununua, kurithi, kukarabati au kuuza nyumba kongwe ya mjini anapaswa kuyatenganisha kwanza, ayapime moja moja, ndipo ajumlishe. Asipofanya hivyo, jengo ndilo hupotea mapema kuliko yote, hata pale lilipokuwa bado na miaka mingi ya kuishi.

Ramani ya vyumba sita

Mitaa iliyonyooka ya Kariakoo ilipimwa na Wajerumani, magharibi ya Mnazi Mmoja, muda mfupi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Waingereza wakairithi, na viwanja vikajaa nyumba za mtindo ambao pwani yote inaufahamu. Mbele kuna baraza. Mlango wa katikati unafungua ukumbi mrefu unaopita hadi nyuma, wenye vyumba vitatu kila upande. Mwisho wa ukumbi ni uani, penye jiko, bafu, choo na stoo. Kuta za mwanzo zilikuwa za miti na fito zilizokandikwa udongo; mapaa ya makuti yakafuatiwa na madebe yaliyonyooshwa, kisha mabati. Aliyepata fedha alibadilisha kuta kwa matofali ya saruji, chumba baada ya chumba, bila kuigusa ramani.

Ramani hiyo ilikuwa na akili nyingi. Ukumbi ulipitisha upepo kutoka barabarani hadi uani, kwa hiyo nyumba ilipoa bila feni. Kila chumba kilikuwa na mlango wake wa kufungukia ukumbini, kwa hiyo mwenye nyumba aliweza kukaa na wanawe katika vyumba viwili na kupangisha vinne kwa watu wasio ndugu zake. Kodi ya vyumba ilisomesha watoto na kumtunza mjane. Baraza lilikuwa la watu wote: pa kupumzika, pa kuuzia vitumbua asubuhi, pa kuzungumzia siasa jioni. Chama cha TANU kilizaliwa katika mitaa hii tarehe 7 Julai 1954, na harakati zake zilikua miongoni mwa watu walioishi katika nyumba za aina hii.

Anayekagua nyumba ya Kariakoo leo aanze kwa kuuliza ni kiasi gani cha ramani hiyo kimebaki. Je, ukumbi bado unapitisha upepo, au nusu yake imezibwa ikawa chumba? Je, uani pamebaki wazi, au pamejengwa mabanda hadi ukutani kwa jirani? Je, vyumba vya mbele bado ni vyumba, au vimetobolewa vikawa fremu za duka? Nyumba iliyopoteza ukumbi na uani haina tena sifa za nyumba ya zamani, ingawa kuta zake ni zilezile. Iliyovihifadhi vyote viwili inaweza kurudishiwa uzuri wake kwa gharama ndogo kuliko watu wanavyodhani.

Maji ndiyo adui

Kwenye Kisiwa cha Chole, upande wa Mafia, kuna magofu ya mji uliokuwa makao ya utawala wa Wajerumani hadi walipohamia Kilindoni mwaka 1913. Kuta za mawe na chokaa zipo hadi leo, lakini mapaa yalipoondoka mvua iliingia kutoka juu, na mizizi ya miti ikapenya kila ufa. Hali ni hiyohiyo kwa nyumba zote kongwe za pwani. Ukuta mnene hustahimili miaka mingi. Ukiachwa uloe kutoka juu, hudhoofika kwa misimu michache.

Kwa sababu hiyo mkaguzi makini huenda mara mbili. Mara ya kwanza huenda kiangazi, saa sita mchana, akaingia ndani ya chumba kilichofungwa madirisha na kutazama paa: kila tundu la mabati litajionyesha kwa mwanga. Mara ya pili huenda masika, mvua ikiwa inanyesha, aone maji yanatua wapi, yanapita wapi, na kama yanatuama chini ya ukuta. Muuzaji anayekataa ziara hii ya pili ameshajibu nusu ya maswali.

Nyumba za mawe za Mji Mkongwe wa Zanzibar, Bagamoyo na Lamu zina tabia yake. Mawe ya matumbawe ni mepesi na yana vitundu vingi. Yamepangwa kwa chokaa iliyochanganywa na udongo, katika ukuta wenye unene wa nusu mita hivi. Ukuta wa namna hii hunyonya unyevu kutoka ardhini na kuutoa polepole kupitia lipu ya chokaa. Fundi akija na saruji akaipiga juu yake, unyevu hukosa pa kutokea. Hupanda juu zaidi, huvuta chumvi, na kuugeuza udongo uliomo ndani ya ukuta kuwa unga. Kwa nje nyumba inang'aa. Kwa ndani inaliwa. Ndiyo maana lipu mpya ya saruji iliyopakwa rangi ya mafuta, hasa ile inayoishia usawa wa kiuno, inapaswa kumtia mnunuzi shaka zaidi kuliko lipu ya zamani iliyobabuka. Njia rahisi ni kugonga ukuta kwa kifundo cha kidole: panapotoa mlio wa tupu, lipu imeachana na jiwe.

Baada ya kuta, boriti. Kwa karne nyingi miti ya mikoko ya delta ya Rufiji ilipakiwa majahazini kwenda Zanzibar, Arabuni na Ghuba, na urefu wake ndio uliopanga upana wa vyumba vya pwani, ambavyo aghalabu havifiki mita tatu. Juu ya boriti hulazwa mawe na chokaa iliyopondwapondwa kuwa sakafu, na mzigo huo ni mzito sana. Boriti huoza kwanza ncha iliyoingia ukutani, mahali jicho lisipofika. Bisibisi ikidungwa penye ncha hiyo na ikazama bila nguvu, boriti imekwisha hata kama katikati bado ni ngumu. Chumba kikubwa katika nyumba ya aina hii kinahitaji maelezo: huenda kuna mtu aliyeondoa ukuta wa katikati na kuacha sakafu ya juu ikielea. Vyoo vilivyoongezwa ghorofani, matangi ya maji juu ya paa na mabomba yanayovuja polepole ndani ya ukuta vimeharibu nyumba nyingi zaidi za Mji Mkongwe kuliko umri wake.

Nyumba ya udongo ya Kariakoo ina adui mwingine, mchwa. Ikiwa ukuta wa miti ulipigwa lipu ya saruji miaka ya nyuma, huenda nguzo zimeshaliwa zote na ukuta unasimama kwa ganda la lipu tu. Tundu dogo karibu na msingi litatoa jibu. Uani pia pachunguzwe kwa makini: katika nyumba iliyokaliwa tangu miaka ya 1930, mashimo ya choo yamechimbwa na kufukiwa mara nyingi, na jengo jipya likiwekwa juu ya shimo la zamani hutitia. Nyaya za umeme zilizoungwaungwa kila alipoingia mpangaji mpya zihesabiwe kuwa za kubadilishwa zote.

Nyufa nazo zina umri. Ufa uliopakwa rangi mara tatu umetulia. Wenye kingo kali na vumbi jipya bado unatembea. Fundi mzoefu huweka alama ya kalamu mwisho wa ufa, akaandika tarehe, akarudi baada ya msimu wa mvua. Kariakoo hatua hii ina uzito wa pekee. Nyumba kongwe nyingi zina misingi mifupi, na jirani akichimba chini kutafuta ghorofa ya ardhini, ardhi inaweza kuhama. Tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa lilianguka Kariakoo na kuua watu wasiopungua 29, na Serikali ikaunda timu ya kukagua majengo ya eneo hilo. Mwenye nyumba ya zamani anayepakana na eneo la ujenzi apige picha za kuta zake zenye tarehe kabla jembe la kwanza halijashuka. Bila picha hizo hana ushahidi.

Ukarabati wenyewe ni wakati wa hatari. Beit al-Ajaib, jumba la Zanzibar lililojengwa na Sultani Sayyid Barghash mwaka 1883 mbele ya Forodhani, lilipoteza sehemu ya kona yake mwaka 2012. Tarehe 25 Desemba 2020, likiwa katika matengenezo, sehemu kubwa ya mbele ilianguka pamoja na mnara na kuua mafundi wawili. Jumba la kifalme kama hilo lina wataalamu na wafadhili. Nyumba ya mtaani haina. Bajeti ya mwenye nyumba ianze na nguzo za kuegemeza sakafu na paa, halafu mengine.

Makaratasi yanaweza kuangusha nyumba iliyo imara

Kuta zikipita mtihani, kinachofuata ni umiliki. Tanzania Bara ardhi yote ni ya umma, chini ya Rais kama mdhamini. Sheria ya mwaka 1963 ilifuta umilikaji wa kudumu ulioachwa na wakoloni na kuugeuza kuwa upangaji wa Serikali. Mwaka 1969 upangaji huo ukageuzwa kuwa haki ya kumiliki ardhi. Kwa hiyo karatasi ya Kiingereza yenye mihuri inayotunzwa sandukuni inaweza kuwa kumbukumbu ya ukoo tu. Hati inayotambulika chini ya Sheria ya Ardhi ya 1999 ina muda wake, mara nyingi miaka 33, 66 au 99, na muda huo unaisha. Mnunuzi afanye upekuzi kwa Msajili wa Hati mwenyewe, asimtume dalali.

Halafu kuna mirathi. Mtoto mkubwa hana mamlaka ya kuuza kwa ukubwa wake. Mwenye mamlaka hayo ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, naye anawajibika kwa warithi wote, wakiwemo wale wa kijijini ambao hawajaambiwa. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinamzuia mwanandoa kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Nyumba iliyowekwa wakfu haiuzwi kabisa. Zanzibar, nyumba nyingi za Mji Mkongwe ziko chini ya Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, na nyingine zilitaifishwa baada ya Mapinduzi ya 1964.

Katikati ya Dar es Salaam, Upanga na Kisutu, historia ni ya aina nyingine. Sheria nyingine ya 1971 iliruhusu Serikali kuchukua majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na mengi yake leo yako mikononi mwa Shirika la Nyumba la Taifa. Mtu anayepokea kilemba ili kumwachia mwingine nyumba ya shirika anaachia nafasi ya upangaji tu. Vivyo hivyo kwa fremu za Kariakoo: mpangaji aliyetoa kilemba kikubwa hatoki kwa barua ya wiki moja, na gharama ya kumtoa ni sehemu ya bei ya nyumba hata kama haikuandikwa popote.

Vipimo vitatu vya mthamini

Tangu mwaka 2016 Tanzania ina sheria maalumu ya uthamini na usajili wa wathamini, kwa hiyo warithi hawana sababu ya kutegemea mdomo wa mtu wa kijiweni. Hata hivyo waelewe njia ambazo mthamini hutumia, kwa kuwa kila moja ina upofu wake panapohusika nyumba kongwe.

Njia ya kwanza hulinganisha na mauzo ya karibu. Kariakoo mauzo ya karibu ni ya viwanja vya kujengwa ghorofa, kwa hiyo njia hii hupima ndoto ya mnunuzi na kuipa nyumba sifuri. Njia ya pili hukadiria gharama ya kujenga jengo kama lile, kisha hupunguza uchakavu. Katika nyumba ya miaka 80 uchakavu humeza karibu kila kitu, na hakuna mahali pa kuandika mlango wa kuchongwa, ukuta wa nusu mita usiopitisha joto, au ukumbi wenye upepo. Njia ya tatu huhesabu kodi inayoingia. Hii ndiyo inayoisikiliza nyumba zaidi, lakini hupotoka pale ambapo kodi za vyumba zimebaki za kindugu huku fremu za mbele zikilipa za sokoni.

Warithi wamwombe mthamini aandike tarakimu mbili: thamani ya kiwanja kikiwa kitupu, na thamani ya nyumba ikiwa imekarabatiwa na kupangishwa, gharama za ukarabati zikiwa zimetolewa. Tofauti kati ya hizo mbili ndiyo faida halisi ya kubomoa. Kwenye barabara za biashara za Kariakoo tofauti hiyo ni kubwa, na familia inayouza haistahili lawama. Kwenye mitaa ya ndani ya Ilala, ambako hakuna fremu za maana, tofauti inaweza kuwa ndogo hivi kwamba kuuza ni hasara iliyovaa nguo za faida.

Sheria inalinda nini

Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na Lamu mwaka 2001. Zanzibar ilikuwa imeunda mamlaka ya kuuhifadhi mji huo tangu 1985, na anayetaka kubadilisha dirisha, kuongeza ghorofa au kutumia saruji mahali pa chokaa anahitaji kibali chake. Mnunuzi hupata nyumba pamoja na wajibu, na bei hupimwa kwa matumizi ya jengo lililopo. Nyumba nyingi zimeokolewa hivyo, na gharama ya wokovu huo inaonekana pia. Kwa kuwa ukarabati wa chokaa na boriti ni ghali, wanaoumudu mara nyingi ni wenye hoteli na wageni. Shangani, na Shela huko Lamu, kuta zimepona lakini familia zilizoishi humo zimehamia pembezoni.

Bara kinga ni nyembamba. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inayahesabu majengo yaliyosimamishwa kabla ya mwaka 1863 kuwa kumbukumbu za kale moja kwa moja. Mengine hulindwa yakitangazwa na Serikali. Dar es Salaam ilianza kujengwa na Sayyid Majid miaka hiyohiyo ya 1860. Hata Boma la Kale la ufukweni, moja kati ya majengo makongwe zaidi ya jiji, ni la 1866 na 1867. Majengo ya katikati ya jiji, basi, yamekaa nje ya mstari wa kinga ya moja kwa moja. Sheria hiyohiyo inalinda milango ya kuchongwa iliyotengenezwa kabla ya 1940, na matokeo yake ni ya kusikitisha: mlango wa nyumba unaweza kuwa na kinga ambayo nyumba yenyewe haina.

Nyumba ya kawaida ya vyumba sita haikuwahi kufikiriwa na watunga sheria hawa. Walikuwa wakiwaza ngome, misikiti na majumba. Nyumba ya Mwalimu Nyerere ya Magomeni imefanywa makumbusho kwa sababu ya aliyeishi humo. Za majirani zake wa zama zile zinabomolewa bila hata kuchorwa.

Chaguo la familia

Kwa warithi njia ni chache. Wanaweza kuuza na kugawana. Wanaweza kukarabati na kuendelea kupangisha. Wanaweza kubadilisha matumizi, vyumba vya mbele vikawa mgahawa au ofisi na vya nyuma makazi. Au wanaweza kuingia ubia, wao wakitoa kiwanja na mjenzi akitoa fedha, ghorofa likigawanywa. Ubia umeenea sana Kariakoo, na Shirika la Nyumba nalo lilizindua sera mpya ya ubia mwaka 2022. Sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za jengo inawezesha kila mrithi kupata hati ya sehemu yake, jambo ambalo wengi husahau kulidai, kisha wanabaki na ahadi ya mdomo kuhusu fremu mbili za ghorofa ya tatu.

Mkataba wa ubia ndio mahali ambapo familia ina nguvu zaidi, kwa kuwa kabla ya kusaini mjenzi bado anakihitaji kiwanja. Hapo ndipo pa kudai mambo matatu. La kwanza, hati za sehemu ziandikwe kwa jina la kila mrithi, hata yule wa Chole Samvula asiyefika mjini ila kwa msiba. La pili, kodi ya kuishi kwingine ilipwe kwa muda wote wa ujenzi. La tatu, nyumba ipimwe na kuchorwa kabla ya kubomolewa, kwa gharama ya mjenzi: ukumbi, vyumba, uani, baraza, aina ya kuta na mwaka wa kila badiliko linalokumbukwa. Kazi hiyo ni ya siku chache kwa mchoraji mmoja. Halmashauri za Jiji zingeweza kuifanya sharti la kibali cha kubomoa bila kungoja sheria mpya ya urithi, na ndani ya miaka michache Dar es Salaam ingekuwa na kumbukumbu kamili ya nyumba zilizoijenga, pamoja na orodha ya zile chache ambazo bado zinafaa kukarabatiwa.